Vitabu vya faraja kwa wafiwa: kipi cha kununua Dodoma, kipi cha kuacha kwenye rafu

Kitabu cha faraja kinapimwa kwa sura yake ya kwanza. Ikiwa kurasa tano za mwanzo zinamwamuru mfiwa aache kulia, ashukuru na asonge mbele, kirudishe kwenye rafu hata kama jalada lake linapendeza. Ikiwa zinamwacha alie, zinamzungumzia marehemu kama mtu aliyependwa na kukubali kwamba yako maswali yasiyo na jibu, endelea kukipekua. Yohana 11:35 inasema Yesu alilia machozi alipokuwa akielekea kaburi la Lazaro, na alilia huku akijua kwamba muda mfupi baadaye atamfufua. Mwandishi anayewakataza wafiwa machozi hana pa kusimama katika mstari huo. Wengi hukimbilia 1 Wathesalonike 4:13, lakini Paulo pale hakatazi huzuni. Anakataza huzuni ya mtu asiye na tumaini, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Tuanze na Biblia yenyewe, kwa sababu ndiyo zawadi inayonunuliwa zaidi, na kwa Dodoma kuipata si kazi: Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake makuu hapa hapa mjini. Tatizo ni kwamba watu huchukua Biblia ya zipu kwa kuwa inaonekana ya heshima mkononi, bila kuifungua. Nyingi kati ya hizo zina herufi ndogo mno. Mama wa miaka 60 anayeamka saa tisa usiku akiwa na macho yaliyovimba, mwanga wake ukiwa taa ya sola, hataisoma. Mtafutie yenye herufi kubwa, na kama mfuko hauruhusu, Agano Jipya lenye Zaburi linatosha na ni jepesi kushika mtu akiwa amelala ubavu. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ndiyo iliyokaa vichwani mwa waumini wazima, maneno yake hurudi hata mtu asipoweza kusoma. Kwa kijana, au kwa yeyote ambaye akili imechoka, tafsiri ya Habari Njema ni nyepesi zaidi. Kwa bibi wa Mvumi, Bahi au Chamwino ambaye husali kwa Kigogo, Biblia ya Kigogo ikisomwa kwa sauti na mjukuu hufika mahali ambapo Kiswahili hakifiki.

Usimkabidhi mfiwa Biblia nzima na kumwambia asome. Weka vipande vya karatasi. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na inaanza na swali la mtu aliyechoka kungoja: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa shangwe, na ndiyo maana inafaa kwa anayeona aibu kusali akiwa na hasira. Maombolezo sura ya 3 ina mistari 66, na yale maneno ya rehema zilizo mpya kila asubuhi yapo kwenye mstari wa 22 na 23, baada ya mistari ishirini ya uchungu mtupu. Anayesoma mistari miwili hiyo peke yake amekata safari. Karatasi nyingine iwe Ayubu 1 hadi 3, na ya mwisho Ayubu 38 hadi 42.

Katikati ya Ayubu pana mtego unaovifanya vitabu vingi vya faraja vikosee. Sura ya 4 hadi ya 37 zimejaa hotuba za Elifazi, Bildadi, Sofari na Elihu, zikipokezana na majibu ya Ayubu. Mungu mwenyewe, katika 42:7, anamwambia Elifazi kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa. Hata hivyo maneno yao huchapwa kwenye kadi na vijitabu kama ahadi za Mungu. Ule mstari maarufu wa mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, Ayubu 8:7, umetoka kinywani mwa Bildadi, mtu ambaye mistari mitatu kabla alikuwa akimdokezea Ayubu kwamba watoto wake walikufa kwa makosa yao. Kwa hiyo ukipata kitabu kinachonukuu Ayubu, fungua Biblia uangalie nani anasema. Mwandishi asiyejua nani anasema hajakaa na huzuni kwa muda wa kutosha. Marafiki hao walifanya jambo moja jema, nalo liko 2:13: waliketi chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Kitabu kinachomfundisha mtembelea msiba kukaa kimya hivyo kinastahili fedha yako.

Kundi la pili ni vitabu vya tafakari za kila siku. Hapa ukubwa wa sura ndiyo habari yote. Mtu aliyefiwa hupoteza uwezo wa kukaza mawazo, husoma aya moja mara nne na asikumbuke ilichosema. Tafakari nzuri ina ukurasa mmoja, au miwili ya kitabu kidogo: mstari mmoja, maelezo mafupi, sala ya sentensi tatu au nne, na nafasi tupu ya kuandika. Zinazofika kurasa sita kwa siku zimeandikwa kwa wahubiri. Angalia pia kama zina tarehe za mwaka. Zenye tarehe humfanya mfiwa aliyeruka siku kumi ajione ameshindwa hata kuomboleza. Zilizohesabiwa siku ya 1, siku ya 2, bila tarehe, humngoja.

Vitabu vingi vya namna hii vimejengwa juu ya hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni kuu, kukubali. Hatua hizo zinatoka kwenye kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, ambacho kiliwahusu wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Hakikuandikwa kwa ajili ya waliobaki. Zinaweza kumsaidia mtu kutambua kinachompata, lakini si ngazi. Mjane anaweza kukubali Jumatatu na kukana Alhamisi akiona viatu vya mume mlangoni. Kitabu kinachompa mfiwa ratiba ya kupona kinamwongezea mzigo. Kikisema wazi kwamba huzuni huenda na kurudi, na kwamba hurudi kwa nguvu siku ya kumbukumbu, Krismasi au msimu wa mavuno, mwandishi wake anajua anachosema.

Kisha kuna vitabu ambavyo havifai kununuliwa kabisa, nalo tunalisema bila kuzunguka. Ni vile vinavyofundisha kwamba kifo, ugonjwa, ukame au kufilisika ni matokeo ya laana ya ukoo, uchawi wa jirani au upungufu wa imani. Huuzwa vizuri kwa kuwa vinatoa jibu la haraka. Madhara yake ni mawili: mfiwa anaanza kujilaumu kwamba angefunga siku tatu zaidi mtoto angepona, na ukoo unaanza kumtafuta mchawi, ambaye mara nyingi huwa ni mama mzee asiye na mtetezi. Kuvipima, tafuta kama vinagusa Luka 13:4, pale Yesu anapouliza kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na kukataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Tafuta pia Yohana 9:3, anapokataa kwamba mtu alizaliwa kipofu kwa dhambi yake au ya wazazi wake. Kitabu cha mateso kisichothubutu kuitaja mistari hiyo kina sababu ya kuikwepa.

Vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza vinahitaji jicho la pili. Vingi vinadhani mfiwa yuko peke yake tangu siku ya kwanza, ilhali kwetu turubai linafungwa, majirani wanapika na akina mama wanalala kwenye mikeka sebuleni. Upweke wetu huanza matanga yakishaanuliwa na mabasi ya ndugu yakishaondoka. Vingi pia vinadhani palikuwa na ugonjwa mrefu na muda wa kuagana. Katika mkoa ambao bado unakumbuka ajali ya treni ya Igandu ya 24 Juni 2002, iliyoua watu 281, kitabu kisicho na neno juu ya kifo cha ghafla kina pengo kubwa. Halafu soma sentensi kumi kwa sauti. Ukijikuta unarudi nyuma kutafuta nani kafanya nini, mfiwa hataweza.

Kwa anayesoma Kiingereza vizuri viko viwili vya kutafuta, hata kwa kuagiza. Cha kwanza ni A Grief Observed cha C. S. Lewis, kilichotoka mwaka 1961 kwa jina la bandia, N. W. Clerk, baada ya mkewe Joy kufariki mwaka 1960. Ni kifupi, kina sehemu nne tu. Sehemu ya kwanza ina hasira kali kwa Mungu, hivyo mwonye unayempa asiishie hapo. Kinawafaa sana wagane, ambao kwetu huambiwa wajikaze kiume hadi wanaugua. Cha pili ni Lament for a Son cha Nicholas Wolterstorff, cha mwaka 1987, alichokiandika baada ya mwanawe Eric kufa akipanda mlima mwaka 1983. Kimeandikwa kwa vipande vifupi vifupi, na kwa mzazi aliyemzika mtoto mkubwa hatujui kingine kinachokifikia.

Kitabu kinachosahaulika ni cha nyimbo. Tenzi za Rohoni ni kidogo, ni cha bei nafuu kuliko Biblia, na mtu asiyeweza kusoma aya moja anaweza kuimba ubeti aliojifunza utotoni. "Nionapo amani kama shwari" ni wimbo wa Horatio Spafford, aliyepoteza mabinti wanne baharini meli ya Ville du Havre ilipozama Novemba 1873. Si maneno ya mtu aliyekaa pazuri, na waimbaji wake hulihisi hilo hata bila kuambiwa historia.

Kwa wajane kuna jambo ambalo waandishi wetu wa ndani hulikaribia na kuliacha. Wanaandika vizuri juu ya Mungu kuwa mume wa mjane, kisha hawasemi lolote kuhusu cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili), muhtasari wa kikao cha ukoo na kufungua mirathi mahakamani. Mjane anayenyang'anywa shamba la zabibu au la alizeti wiki ya tatu anahitaji sala na anahitaji karatasi. Ukipata kitabu chenye sura juu ya hayo, hata kama uandishi wake ni wa kawaida, kipe nafasi ya mbele.

Cha watoto kiseme "amekufa". Kinachosema babu amelala au amesafiri humfanya mtoto aogope kulala, au asimame njiani akingoja basi.

Angalia pia nyumba ni ya kanisa gani. Familia ya Kikatoliki itapenda kitabu chenye sala za kuwaombea marehemu, hasa Novemba, na Biblia yenye vitabu 73, ambamo Yoshua bin Sira 38 inaruhusu kulia kwa uchungu. Kitabu hicho hicho nyumbani kwa Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste kinaweza kuzua mabishano ya mashemeji katikati ya msiba. Ukiwa na shaka, Zaburi hazina ugomvi.

Kabla ya kulipa, kikague kama kitu cha matumizi. Kifungue katikati na ukikandamize mgongo. Kilichobandikwa kwa gundi peke yake hulia na kupasuka, na joto na ukavu wa Dodoma huharakisha kazi hiyo. Kilichoshonwa kwa uzi hubaki wazi mezani. Hesabu kurasa kwa haraka, maana nakala za kurudufu huruka kurasa au kuzirudia, na mara nyingi hazina ukurasa wa mchapishaji na mwaka. Central Tanganyika Press ni mchapishaji wa hapa hapa Dodoma, hivyo uliza kwanza vya nyumbani kabla ya kulipia nauli ya mzigo kutoka Dar.

Usikipeleke siku ya mazishi. Siku hiyo kitapotea kwenye rundo la kanga na daftari la rambirambi. Peleka wiki ya pili hadi ya nne, ukae, usome ukurasa mmoja kwa sauti kama mwenyewe anataka, uondoke. Ukurasa wa mwanzo andika jina la marehemu na tarehe. Usiandike "jikaze".

Na kitabu kina mpaka wake. Anayesema anataka kumfuata marehemu apelekwe hospitali leo hii. Asiyekula wala kulala kwa wiki kadhaa, au ambaye baada ya miezi bado hawezi kufanya lolote, naye aonwe na daktari. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko hapa Dodoma, na kwenda huko si kukosa imani. Kitabu cha faraja kinachowaambia wasomaji waache dawa za daktari kitolewe kwenye rafu ya kanisa.

Pengo kubwa zaidi ni la waliopoteza mimba au mtoto aliyezaliwa mfu. Vya Kiswahili juu yao ni vichache mno, na wachungaji wanaoandika wangefanya jema kuanzia hapo. Kwa sasa Zaburi ya 139 yenye kipande cha karatasi kwenye mstari wa 13 hadi wa 16 ndiyo tunayoweza kupendekeza, isomwe na baba na mama wote wawili.

Kwa jumuiya, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au umoja wa wanawake wanaotaka kuanza kabati la kuazimisha, Agano Jipya na Zaburi za herufi kubwa nakala nne, Tenzi nne, tafakari zisizo na tarehe nakala tatu za aina moja, na kimoja cha watoto zinatosha kwa kuanzia. Muda wa kuazima uwe miezi mitatu, na daftari liandikwe na mtu mmoja asiyedai kitabu kwa ukali.