Lodge ya Kisasa: nyota tatu, na moja ni ya yule mama wa usafi

Jina la lodge sitaji maana meneja alishatuomba radhi yakaisha, ila ni hapa hapa Dodoma mitaa ya Kisasa. Mimi natumia kitimwendo, mume wangu anatembea, watoto tuliwaacha Nkuhungu kwa bibi yao, tukakunja kiti tukakisukumia nyuma ya bajaji, haoo tunaenda kula miaka sita ya ndoa. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba mnaujua wenyewe, nimefika masikio yameganda.

Mapokezi sasa. Kijana kamsogezea mume wangu daftari la wageni, jina, kabila, unatoka wapi unaenda wapi, mimi hata jicho hajanitupia, halafu anamuuliza, "Kaka, mgonjwa mmemleta hospitali ya Mkapa?" Nikamwambia mdogo wangu mimi siumwi, huyu ni mume wangu. Akacheka kwa aibu akatoa ufunguo. Kufungua chumba, vitanda viwili vya futi tatu tatu, kimoja ukuta huu kingine ukuta ule! Kichwani kwake alishatupanga, mgonjwa na anayemuuguza.

Tumezoea lakini. Mimba yangu ya kwanza watu walikuwa wananiuliza "nani kakufanyia hivi?" kana kwamba nimeibiwa, wakati pete naivaa. Tanzania iliridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu tangu 2009, ibara ya 23 inataja kabisa ndoa na watoto, na sheria yetu wenyewe ni ya 2010, ila mapokezi ya lodge hizo habari hazijafika.

Tukagoma. Wakatuhamishia chumba namba 4, kitanda tano kwa sita, safi, shuka zinanukia jua. Tatizo likawa urefu, wamepandisha magodoro mawili eti ndo VIP, mimi nimekaa kwenye kiti kitanda kinanifika kifuani. Mume wangu akaanza kukunja mikono ya shati anibebe. Hapa niseme kitu, kwenye filamu mwanaume akimbeba mkewe kumpeleka kitandani watu wanashangilia, sisi kwetu kubebwa ni asubuhi, mchana na jioni, mgongo wake unamuuma na mimi nahesabu ni mara ya ngapi leo, na ukishahesabu hivyo hamu yote inakwisha, mnabaki mmelala chali mnaangalia feni.

Mama wa usafi alikuwa mlangoni na taulo. Hakuuliza mengi, kaangalia kiti, kaangalia kitanda, akasema "baba shika huku" wakatoa godoro la juu wakaliegemeza kabatini. Kitanda kikawa sawa na kiti changu kabisa. Nikafunga breki, nikaweka mkono, nikajivuta mwenyewe mpaka upande wake. Mimi ndo niliyemfuata mume wangu, sio yeye kunibeba, na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini nje ya nyumbani. Mengine hayawahusu.

Chakula kizuri bila maneno. Kuku wa kienyeji wa kuchemsha, ugali wa uwele na mlenda, nimesahau hata picha. Bia za jirani zilikuwa na kelele mpaka saa sita, basi.

Bafu ndo limewaponza. Kiti changu kina sentimita 63, mlango wao nimepima kwa futi ya cherehani (mimi ni fundi nguo, haikosi kwenye pochi) ni 60. Nimeoga nimekalia kiti cha plastiki cha baa. Na ile rampu ya mbele wasiitangaze, ngazi mbili, jumla sentimita 30 kwenda juu, zinataka mteremko wa mita tatu na nusu hivi, wao wameweka kipande kama meza ya chai, kushuka ni kumwombea dua anayekushika.

Asubuhi wakati wa kuondoka nililivuta lile daftari nikajiandika mwenyewe chini ya jina lake, kazi: fundi cherehani. Kijana wa mapokezi akaniamkia, "Shikamoo dada." Tutarudi, ila kwa simu nitasema mapema: namba 4, godoro moja.