Mizani ya jikoni ya 20,000 imeushinda mfuko wa "Light": rivyu ya mwenye paka mnene

Wadau wa paka, hii rivyu sio ya chakula, ni ya ile mizani nyeupe ya plastiki ya kutumia betri, ile ya wapika keki, imejaa Kariakoo na kila duka la vyombo, mimi nimepata kwa 20,000 na najua kuna watu watanicheka kwamba nimepigwa. Nimeinunua kwa ajili ya paka. Na nasema mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nalo: imefanya kazi ambayo mfuko wa chakula cha "Light" (kile chenye kalori pungufu kwa paka wanene) wa bei karibu mara nne yake haukuifanya, na sio kwamba kile chakula ni kibovu, ntafika huko.

Mhusika anaitwa Chausiku, jike, mweusi tii, amefungwa kizazi, anaishi ndani muda wote, kazi yake kubwa ni kuhama kutoka kochi moja kwenda lingine kufuata feni. Ramadhani iliyopita ndo ilikuwa balaa, maana nyumba inakula futari, inakula daku, na yeye yupo kote kote, mara kichwa cha kibua, mara kipande cha kuku, mara maziwa yaliyobaki kwenye kikombe cha bibi. Baada ya Idi dokta wa mifugo akampima, kilo 6.8, akampapasa mbavu akawa anazitafuta kwa kubonyeza, akasema kwenye ile skeli yao ya unene ya 1 mpaka 9 huyu yupo kati ya 8 na 9, wakati paka mzuri anakaa 5, na kila namba ukizidi hapo ni kama asilimia 10 ya uzito wa ziada. Lengo likawa kilo 5. Halafu akasema kitu nilichokipenda, kwamba msihangaike na kile kitambi kinachoning'inia nyuma akitembea, hata paka wembamba wanacho, nyie shikeni mbavu na mtizameni kiuno kwa juu.

Sasa hilo suala la chakula. Kabla ya huyu dokta kuna sehemu nyingine tulienda, jina naliacha, wakatuuzia mfuko wa "Light" bila hata kumpandisha paka kwenye mizani, wakasema mpeni huu atapungua. Tukampa huu. Hakupungua. Na ukikaa ukapiga hesabu unaona kwa nini, chakula kikavu cha kawaida cha paka kinacheza kwenye kalori 3.8 hivi kwa gramu, hii ya Light kwa taratibu za Marekani kikavu cha paka hakitakiwi kuzidi kalori 3,250 kwa kilo, yani 3.25 kwa gramu, kwa hiyo umeokoa kama asilimia 14. Sawa. Lakini kama mkono wako unajaza kikombe kwa macho, leo kimesawazishwa, kesho kina mlima juu, hiyo 14 imeshaliwa kabla haijafika kwenye bakuli. Chuo Kikuu cha Guelph kule Kanada walitoa utafiti 2019, wakawapa wenye mbwa vikombe vya kupimia wapime chakula kikavu, makosa yakaanzia asilimia 48 pungufu mpaka asilimia 152 zaidi. Mia hamsini na mbili jamani! Yani kuna mtu alidhani anampa mbwa mlo mmoja kumbe ni miwili na nusu.

Ndo nikaenda kununua mizani. Muuzaji akaniuliza, "Dada angu unapika keki?" Nikamwambia hapana, napima chakula cha paka. Akanyamaza kidogo akasema, "Paka wangu mimi anapimwa na panya," jirani yake wa duka akacheka mpaka akakaa chini. Basi bana nikalipa nikaondoka.

Hesabu tuliyopewa ni hii na mtu yeyote mwenye simu anaiweza. Unachukua uzito unaoutaka (sio ule alionao), unaupandisha kwa kipeo cha 0.75, unazidisha kwa 70. Kwa kilo 5 inakuja kama kalori 234 kwa siku, hiyo ndo ya mwili kukaa tu na kupumua. Paka wa kupunguza unaanzia asilimia 80 ya hapo, kama 187. Kwenye hizo 187, vitu vya kuonja onja vyote, yani zawadi, makombo, dagaa, kila kisichokuwa mlo wake, visizidi asilimia 10, sababu mlo kamili ndo una vitamini na madini yaliyopangwa, ukijaza nafasi na makombo unampunguza uzito na lishe kwa pamoja. Kwa hiyo chakula 168, viburudisho 19. Kumi na tisa tu. Hapo ndo mizani inaanza kuongea.

Shida ya kwanza, mifuko mingi inayotufikia huku haijaandikwa kalori, na ile ya Ulaya hawalazimishwi kuandika. Ila wameandika asilimia, na hizo zinatosha. Mfuko wetu wa sasa, wa kawaida tu sio Light, una protini 32, mafuta 12, nyuzi 3, majivu 8, unyevu 8, ukijumlisha ukatoa kwenye 100 inabaki 37 ndo wanga. Protini na wanga unazidisha kwa 3.5, mafuta kwa 8.5. Inakuja kama kalori 343 kwa gramu 100. Kwa hiyo 168 gawanya kwa 3.43, gramu 49. Nilipoziweka gramu 49 kwenye bakuli nyumba nzima ilinuna, dada akauliza hii ni ya asubuhi? Hapana, ya siku nzima. Kile kikombe cha plastiki tulichokuwa tunatumia zamani, nilikijaza kama tulivyozoea nikakimwaga kwenye mizani, kikasoma 71. Na alikuwa anapewa asubuhi na jioni.

Na maelekezo ya nyuma ya mfuko msiyaamini sana kwa paka aliyefungwa kizazi. Akishafungwa mahitaji yake yanashuka kama robo mpaka theluthi, wakati njaa haishuki, inapanda.

Haya sasa zawadi. Mimi nampa dagaa wa Mwanza mkavu, sitoi biskuti za dukani, sio kwa ubahili (kidogo ni kwa ubahili). Dagaa mkavu ana kalori kama 3 na kitu kwa gramu, kwa hiyo 19 zake ni gramu 5 au 6. Weka bakuli, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, tia dagaa mpaka isome 5, angalia. Ni vidagaa vichache unavihesabu kwenye kiganja, lakini ukimpa kimoja kimoja, kimekatwa kichwa kando mwili kando, yeye hajui tofauti, paka anahesabu mara ulizoinama, hahesabu gramu. Ila angalizo, dagaa wa Zanzibar wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hao achana nao. Hawa wa ziwani wanaanikwa bila kuchemshwa chumvi, shida yao ni mchanga tu, waoshe kwa maji uwaanike tena.

Maziwa ndo jambazi mwenyewe. Mililita 50 za maziwa yenye mafuta yake, ambayo ni kisahani kidogo cha chai, zina kalori zaidi ya 30. Bajeti ya zawadi ya siku nzima imekufa na imeingia deni, na bado paka wakubwa wengi tumbo haliyapokei maziwa wanaishia kuharisha. Kumwambia bibi hili ilihitaji heshima na ushahidi, nikamwekea kisahani kwenye mizani mbele yake, nikamwonyesha gramu 5 za dagaa upande mwingine, nikamwambia bibi shikamoo, chagua kimoja. Akasema, "Marahaba, mtampunguza mpaka afe." Lakini akaacha. Saa hizi yeye ndo askari wa dagaa.

Kilichofanya mfumo ukae sio mimi, ni makopo mawili. Asubuhi mtu mmoja anapima gramu 49 anazimwaga kopo la kwanza, gramu 5 za dagaa kopo la pili, basi. Yeyote akitaka kumpa paka kitu, mtoto, dada, mgeni, anatoa humo. Likiisha limeisha. Zamani ilikuwa kila mtu anampa "kidogo tu" na nyumba ina watu sita, na yule paka ni msanii, anamlilia kila mmoja kana kwamba hajala tangu juzi. Sasa anaweza kulia anavyotaka, unamfungulia kopo unamwonyesha. Siku tukipika samaki na roho ikakataa kumnyima, kipande cha samaki wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu kinapimwa na dagaa wa siku hiyo wanarudi mfukoni. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, kwa hiyo mchuzi hapana hata kama kipande chenyewe ni kidogo.

Sasa mizani yenyewe, maana ndo ninayoirivyu. Inasoma kwa gramu moja moja, kwa chakula inatosha kabisa, kwa dagaa ipo mpakani, ukisoma 5 inaweza kuwa 4 na nusu au 5 na nusu, sio mbaya. Kitu kinachokera, ukidondosha punje moja moja taratibu inabaki palepale, inajisawazisha sifuri yenyewe kila ikiona mabadiliko madogo, kwa hiyo usimimine kama unatia chumvi kwenye mboga, tia konzi zima halafu punguza. Au inua bakuli ulirudishe, inasoma upya. Inajizima haraka mno, ukiitwa getini ukarudi imelala na ile sifuri yako ya bakuli imepotea. Haipendi maji, vitufe vyake havina kinga yoyote, na ukiiweka juu ya kitambaa cha meza inadanganya, iweke kwenye kitu kigumu. Na betri za bei rahisi zikianza kuisha namba zinayumba kabla hata alama ya betri haijatokea. Kuijaribu kama ni nzima ni rahisi, weka chupa tupu, rudisha sifuri, jaza maji lita moja, isome 1,000 au karibu sana na hapo. Yangu ilisoma 997, nikaridhika. Fanyeni hivyo dukani kabisa, kuna zinazosoma mambo ya ajabu.

Kitu isichokiweza ni kumpima paka mwenyewe. Kwa paka mnene anatakiwa kupungua taratibu, nusu asilimia mpaka asilimia moja ya uzito kwa wiki, kwa kilo 6.8 ni gramu 34 mpaka 68. Ile mizani ya bafuni ya kumbeba paka kisha kutoa uzito wako inaruka kwa gramu 100, itakwambia hakuna kitu kwa wiki mbili utakata tamaa bure. Nunua ile ya kuning'iniza mabegi ya safari, inasoma kwa gramu 10, tia paka kwenye kikapu chenye mfuniko, ninginiza, toa uzito wa kikapu. Chausiku anaichukia kwa moyo wote lakini namba zinaeleweka, sasa yupo 6.1 na kile kiuno kwa juu kimeanza kuonekana, na juzi kapanda juu ya friji mwenyewe.

Na msije mkachukua hii rivyu mkamfungisha paka saumu. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta yanakimbilia kwenye ini na anaweza kufa, hii sio hadithi, dokta alilirudia mara kadhaa. Akigoma chakula kipya rudisha cha zamani mpigie dokta. Punguza gramu, usikate mlo. Mbwa ni wavumilivu zaidi, wao wanaenda mpaka asilimia 2 kwa wiki, na ile ya asilimia 10 ya zawadi ni hiyohiyo, ila kwa mbwa unaweza kumdanganya na karoti, gramu 100 zina kalori kama 41 tu na anatafuna muda mrefu. Paka mpe karoti uone atakavyokuangalia.

Na ule mfuko wa Light? Upo, nimeupima pia, nauchanganya siku moja moja maana ujazo wake kwenye bakuli ni mkubwa kidogo kwa kalori zilezile. Ukiwa na hela ya vyote viwili chukua vyote, ukiwa na ya kimoja chukua mizani. Nyota nne, ya tano nimeitoa kwa ajili ya kule kujizima. Mwenye mbwa mkubwa anayekula gramu 400 kwenda juu tafuta yenye sahani pana, hii bakuli kubwa linafunika kioo husomi kitu.