Uzoefu Wangu na Kichwa cha Jasi cha Kujifunzia Mwanga na Kivuli

Kwa miaka mingi michoro yangu ya watu ilikuwa na mistari sahihi lakini haikuwa na kina. Vipimo vilikaa sawa, jicho lilikuwa mahali pake, lakini kichwa kilibaki bapa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nilipotaka kukipa uzito niliongeza weusi, na kadiri nilivyoongeza ndivyo uso ulivyozidi kuonekana mchafu. Ndipo nilipoagiza kichwa cha jasi cha wachoraji, kile ambacho hakikuchongwa kwa ulaini wa uso wa kawaida bali kwa mabapa yanayokutana kwenye kingo zilizo wazi. Nimekichora karibu kila siku kwa miezi minane.

Kina kimo cha takribani sentimita 25. Upande mmoja umerahisishwa kabisa, kiasi kwamba shavu zima lina mabapa machache tu, na upande wa pili umegawanywa zaidi hadi kwenye kope na pembe za midomo. Nilianza na upande rahisi, nikazima taa zote za chumba isipokuwa moja iliyoelekezwa kutoka juu kushoto kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Mpaka kati ya mwanga na kivuli ukajichora wenyewe mbele yangu: ulianzia kwenye panja, ukateremka kwenye ukingo wa kitefute, yaani mfupa wa shavu, ukapita kando ya mdomo na kuishia kidevuni. Sikuwa nimewahi kuuona kama mstari mmoja unaosafiri. Nilizoea kupaka kivuli cha jicho peke yake, cha pua peke yake, na cha shavu peke yake.

Midomo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Jasi ni nyeupe kote, kwa hiyo hakuna rangi ya kumdanganya mtu, na bado mdomo wa juu ulikuwa kivulini huku wa chini ukiwa na mwanga. Sababu ni kwamba bapa la mdomo wa juu limeinama kuelekea chini na kuipa taa kisogo, ilhali la mdomo wa chini linaitazama taa. Chini yake tena umbo linaingia ndani, na kivuli kinarudi. Tangu hapo, kabla ya kugusa karatasi kwa penseli laini ya 4B, ninajiuliza kwanza bapa hili linatazama wapi.

Jambo la pili lilikuwa mwanga unaoakisiwa. Niliweka karatasi nyeupe upande wa kivuli, na sehemu ya chini ya taya ikapata nuru hafifu. Nilipoiondoa na kuweka kitambaa cheusi, nuru ile ikatoweka. Kosa langu la zamani lilikuwa kuichora nuru hiyo iwe kali karibu sawa na upande wa taa, na hilo ndilo lililokuwa likivunja umbo. Sasa ninafumba macho nusu: nuru hiyo ikikataa kuzama ndani ya kivuli, najua nimeichora kwa ukali kupita kiasi.

Nilipoinua taa zaidi na kuisogeza kando, pembetatu ndogo ya mwanga ilitokea kwenye shavu la upande wa kivuli, ile inayoonekana katika baadhi ya picha za Rembrandt, mchoraji Mholanzi aliyeishi kati ya mwaka 1606 na 1669. Nilifurahi mno, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba inatokana na pua na kitefute kuikinga taa, na si pambo la mchoraji.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Kichwa kilifika kikiwa kimepakwa vanishi inayong'aa, na kila ukingo ukatoa mmeto mkali uliofanya bapa lenye nusu mwanga lionekane kama ndilo linaloitazama taa. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba vanishi ni ya kulinda jasi. Nililazimika kuikwangua kwa msasa laini, kisha nikapaka rangi nyeupe isiyong'aa, kazi ya siku mbili ambayo mnunuzi hapaswi kuifanya. Masikio yamechongwa ovyo. Shingo nayo imekatwa fupi mno, hivyo kivuli ambacho taya hukiangusha shingoni hakionekani, na hicho ndicho kinachokitenga kichwa na mwili katika mchoro wa mwili wote.

Kwa kiwiliwili nimejitegemea: kifua nakichukulia kama yai, paja kama bomba, kisha nautafuta mpaka uleule wa mwanga. Kwa mtu aliye hai mpaka huo huwa laini penye nyama na mkali penye mfupa, kama gotini na kwenye kiwiko, na tofauti hiyo nisingeiona kama nisingeanza na kingo za jasi.

Nakipendekeza kwa anayejua tayari kupima uwiano wa uso na amekwama kwenye kivuli. Aulize mapema kama haking'ai, na awe na taa moja ya kuelekezwa. Chini ya taa mbili za darini nilizojaribu siku moja, vivuli viliingiliana na mabapa yote yakafanana.