Tovuti ya Fomu 34A ya IEBC: dirisha safi, ila chama kije na mizani yake

Kwa chama cha upinzani kinachojipanga kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027, hakuna huduma ya umma yenye faida kuliko tovuti ambako IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, huweka fomu za matokeo ya urais. Haina ada, haihitaji kibali, na mwaka 2022 ilifanya kazi kuliko wengi walivyotarajia. Shida ni kwamba wanasiasa huizungumzia kana kwamba ni mashine ya kujumlisha kura. Siyo. Ni kabati la picha.

Ilikuwa hivyo makusudi. Mwaka 2017 tarakimu zilitangulia kwenye skrini huku fomu nyingi zikiwa hazijafika, likazuka lile neno la "vifaranga vya kompyuta", yaani viongozi waliozalishwa na kompyuta, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Mwaka 2022 tume ikageuza mambo: kifaa cha KIEMS, kile cha kielektroniki kinachotumika kituoni, kilituma picha ya fomu peke yake. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, na kila kimoja kilikuwa na Fomu 34A yake, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo hicho. Unaingia kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo, unapakua. Siku iliyofuata kura, zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa zimeshaingia. Kwa uwazi, tisa kwa kumi. Kwa urahisi wa kutumia, nne.

Nne kwa sababu picha haijumlishiki. Kila tarakimu lazima isomwe kwa macho na kuchapwa upya. Piga hesabu: mchapaji akitumia dakika mbili kwa fomu, anamaliza 30 kwa saa. Wachapaji 100 wanamaliza 3,000. Fomu zote zitakula saa 15 na ushei bila mtu kuinuka kitini, na kwa kuwa kila fomu inafaa kuchapwa na watu wawili wasioonana, weka saa 31. Ndiyo maana runinga zilikuwa zikitofautiana kuhusu nani anaongoza, ilhali zote zilichota kabati moja: huyu alianzia kaunti hizi, yule zile. Isitoshe, vituo zaidi ya 1,000 havikuwa na mtandao wa 3G, kwa hiyo fomu za maeneo ya mbali haziji sawia na za mjini. Chama kinachotoa taarifa ya ushindi kwa fomu za usiku wa kwanza kinajitafutia aibu.

Je, usahihi wote huo ni wa nini? William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawe kwa vituo: kura tano kwa kila kituo. Ila kipimo cha Katiba ni zaidi ya nusu ya kura halali, na hapo mshindi alivuka mstari kwa kura kama 69,600, yaani moja na nusu kwa kituo. Makosa madogo ya uchapaji, yakielemea upande mmoja, yanatosha kukuaminisha kuwa kuna duru ya pili isiyokuwepo. Sampuli ya vituo, kama ile waliyoifanya waangalizi wa ELOG, kundi la Kenya la kuangalia uchaguzi, ni nzuri kwa kuonyesha mwelekeo, lakini haiwezi kuamua uchaguzi wa asilimia 50.49.

Sasa ishike fomu yenyewe. Juu kuna jina na nambari ya kituo, katikati wagombea na kura zao, chini wapiga kura waliosajiliwa, kura zilizokataliwa na jumla ya kura halali, kisha saini. Kabla ya kuchapa chochote, linganisha nambari ya kituo kwenye karatasi na ile ya mahali ulipoipakua, kwa sababu fomu iliyowekwa mahali si pake itahesabiwa mara mbili na kituo kingine kibaki mtupu. Halafu jumlisha wagombea uone kama unapata jumla iliyoandikwa. Kura halali na zilizokataliwa zikizidi waliosajiliwa, simama. Waliosajiliwa wakizidi 700, simama pia, maana sheria hairuhusu kituo kupita hapo. Mara nyingi utakuta ni 1 iliyosomwa 7. Msimamizi wa kituo huandika baada ya kukesha, kwenye mwanga hafifu: 3 inafungwa ikawa 8, kura za mgombea mmoja zinateleza mstari wa jirani. Fomu yenye kosa la kujumlisha usiirekebishe kwenye jedwali lako. Chapa kilichoandikwa, weka alama, peleka kwa mawakili.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, na hauwezi kuponywa na tovuti. Picha inakuonyesha kilichotumwa. Kilichohesabiwa chumbani anakijua aliyekuwamo, na huyo ni wakala wako. Katika kesi ya 2022, ukaguzi ulioamriwa na mahakama ulikuta picha za tovutini zinaafikiana na fomu halisi zilizofikishwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura jijini Nairobi, na Septemba 5 majaji wakatupa ombi kwa kauli moja. Ukitaka kudai fomu ilibadilishwa, unahitaji nakala yako iliyotoka kituoni, inayosomeka, na mtu wa kuiapia.

Kusomeka ndiko kunakowashinda wengi. Nakala za mawakala hutoka kwa kaboni, na msimamizi mwenye mkono mwepesi huacha nakala za chini na vivuli tu. Mwambie wakala aisome palepale kabla ya kusogea. Ikiwa imefifia, kuna nakala inayobandikwa kwenye mlango wa kituo. Apige picha mbili, moja ya fomu nzima, nyingine ya tarakimu kwa karibu. Asigome kusaini akaondoka kwa hasira: fomu bila saini ya wakala bado ni halali, na sehemu ya kuandika sababu za kukataa imo. Gharama nayo isifichwe. Kila shilingi 1,000 unayoahidi kwa wakala mmoja kwa kituo ni shilingi milioni 46.2 nchi nzima, na wakala ambaye hajalipwa nauli ndiye hasa atakayekosekana fomu ikijazwa.

Fomu 34B, zinazojumlisha 34A za kila eneo bunge, ni nafuu kwa chama maskini, za maeneo bunge 290 na ile ya Wakenya walio ugenini: 291 tu, saa chache za kazi. Zisome kwanza, kisha linganisha kila 34B na jumla yako ya 34A za eneo hilo. Makosa ya kujumlisha hujificha hapo.

Tungependa tume iongeze mawili kabla ya 2027: njia ya kupakua eneo bunge zima kwa pamoja, na jedwali la tarakimu kando ya picha, likitajwa wazi kuwa picha ndiyo yenye nguvu. Hata bila hayo, saa haingoji. Matokeo hutangazwa ndani ya siku saba, ombi hupelekwa mahakamani ndani ya siku saba nyingine, na majaji wana siku 14. Mwaka 2022 matokeo yalitoka Agosti 15, kesi ikafika Agosti 22. Chama ambacho wachapaji wake wanajifunza jedwali usiku wa kura hakitakuwa na hati ya kiapo tarehe hiyo.

Jaribio la bei rahisi ni hili: chukua fomu za 2022 za eneo bunge moja, weka wachapaji kumi wawiliwawili, wape saa tatu, kisha linganisha na 34B yake. Jozi itakayotofautiana zaidi ya mara moja kwa fomu 50 ibadilishwe mapema.