Nilisema kifundo cha mkono kinauma, nikaambiwa nimevunjika kiwiko

Kliniki siitaji jina. Ipo hapa hapa Tanga, na hasira nayo haijanitoka.

Masika yaliyopita niliteleza na baiskeli Ngamiani, nikatua kwa kiganja, mkono nimeunyoosha. Ikapigwa picha ya kiwiko tu: kichwa cha mfupa wa upande wa dole gumba kimepasuka. Nikamwambia daktari hapa kifundoni panauma kuliko huko juu. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, umevunjika kiwiko. Kifundo kimeingiaje?" Akanifunga hogo, akaongeza kwamba hicho kichwa kikisumbua atakitoa tu, watu wanaishi bila hicho.

Hogo lilipotolewa, kijifupa cha upande wa kidole cha mwisho kilikuwa kimetuna kifundoni kama kokwa ya zambarau. Kuzungusha ufunguo kwenye kufuli siwezi, kukamua tui ndiyo kabisa. Nimerudi mara mbili, jibu moja: fanya mazoezi.

Aliyeniokoa ni dada wa mazoezi ya viungo, wa humo humo. Aliuliza, "Pole mama, panauma wapi?" Basi. Akailaza mikono yangu yote miwili mezani, akabonyeza katikati ya kigasha nikapiga ukelele. Akanisindikiza mwenyewe chumba cha picha, vifundo vyote viwili vikapigwa, vikalinganishwa. Mfupa wa upande wa dole gumba umepanda juu!

Dar ndiko nilikoelezwa. Mifupa miwili ya kigasha imeshikanishwa na utando mgumu. Nilipotua, kishindo kilipanda toka kiganjani, kikauchana utando, kikaishia kupasua kiwikoni. Jeraha linaitwa Essex-Lopresti, kwa jina la daktari mpasuaji Mwingereza aliyelieleza mwaka 1951. 1951, jamani! Na kile kichwa kingetolewa bila kuwekwa kingine, mfupa ungezidi kupanda. Nilitetemeka pale kitini. Lingegunduliwa wiki za mwanzo, wangetengeneza kiwiko na kukibana kifundo kwa pini mpaka kitulie. Kwa kuchelewa, nimewekewa kichwa cha chuma, na mfupa wa pili wakaufupisha.

Nilikaa kuandika msikanyage pale. Halafu namkumbuka yule dada, natamani kusema nendeni, mumuulizie yeye. Lakini kumfikia ni lazima upitie kwa daktari yule yule. Basi msiende. Au nendeni, ila msitoke mpaka vifundo vyote viwili vipigwe picha.

Kiganja sasa nakigeuza nusu. Tui bado anakamua binti yangu.