The Hunt for Red October: vita vya masikio chini ya Atlantiki

Kama unatafuta riwaya ambayo nyambizi zinarushiana topido kila baada ya kurasa kumi, The Hunt for Red October ya Tom Clancy haikufai. Topido ni chache humu. Kinachojaza kurasa ni watu waliovaa hedifoni, wakijaribu kuamua kama mvumo wanaousikia ni wa nyangumi, wa miamba iliyoyeyuka chini ya sakafu ya bahari, au wa nyambizi ya Kisovieti iliyobeba makombora ya nyuklia. Kwangu mimi uzuri wake wote uko hapo, na ndiyo maana naiweka juu ya riwaya nyingi za aina hii zilizoifuata.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa haraka. Marko Ramius, nahodha mwenye damu ya Kilithuania, anapewa Red October, nyambizi mpya yenye mtambo wa kuiendesha karibu bila sauti. Siku ya kwanza baharini anamuua ofisa wa kisiasa wa chombo chake, yaani mwakilishi wa chama cha kikomunisti humo ndani, na kuanza safari ya kwenda kuikabidhi nyambizi kwa Wamarekani. Kabla ya kuondoka ameshatuma barua kwa amiri wake kueleza anachokwenda kufanya, kwa hiyo karibu kila chombo cha Kikosi cha Kaskazini cha Kisovieti kinatumwa kumwinda. Upande wa pili yuko Jack Ryan, mchambuzi wa CIA, ambaye inabidi awashawishi wakubwa wake kwamba mtu huyu haji kushambulia. Barua ile wasomaji wengi huiona kama upuuzi wa mwandishi. Naitetea. Ramius amewaingiza maofisa wake kwenye njama, na barua inahakikisha kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeweza kubadili mawazo katikati ya safari.

Kitabu kimegawanywa kwa siku, kuanzia Ijumaa tarehe 3 Desemba, na ndani ya kila siku mandhari huruka kutoka Red October hadi Washington, Moscow, na nyambizi ya Marekani Dallas. Msomaji asiyefuatilia vichwa vidogo vya mandhari hupotea mapema. Nashauri mambo mawili. Kwanza, weka karibu ramani ya Atlantiki ya Kaskazini na uweke alama Polyarny kwenye Bahari ya Barents, Iceland, mgongo wa bahari wa Reykjanes unaoshuka kusini-magharibi kutoka Iceland, na pwani ya mashariki ya Marekani. Bila ramani hutaelewa kwa nini maneno "amepita Iceland" yanawatia watu jasho: uwazi kati ya Greenland, Iceland na Uingereza ndio mlango ambao nyambizi za Kisovieti zililazimika kuupita ili zifike bahari kuu, na Wamarekani walikuwa wamelaza haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini, kwenye sakafu ya bahari ili kuusikiliza. Pili, andika majina ya vyombo pembeni: Dallas, Pogy, Konovalov, Politovskiy, Invincible. Majina ya watu yatakuja yenyewe, lakini ukichanganya Konovalov na Politovskiy, ambazo zote mbili ni nyambizi za daraja la Alfa, nusu ya pili ya kitabu itakuwa ukungu mtupu.

Sasa sauti. Majini sauti husafiri kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na huenda mbali kuliko mwanga au mawimbi ya redio yanavyoweza kwenda humo. Lakini haiendi moja kwa moja. Joto la maji, chumvi na shinikizo hubadilisha kasi yake, na sauti daima hupinda kuelekea mahali inapokwenda polepole zaidi. Karibu na uso wa bahari mawimbi huyachanganya maji yakawa na joto lilelile; chini ya hapo joto hushuka ghafla, na mpaka huo mabaharia huuita tabaka. Nyambizi iliyojificha chini ya tabaka inaweza kupitwa na manowari juu yake isisikike, kwa sababu sauti yake hupindwa ikaelekea chini. Ukishuka zaidi, baridi haibadiliki tena lakini shinikizo linaendelea kupanda, kwa hiyo sauti ileile hupindwa kurudi juu na kuibuka karibu na uso kilomita 50 au 60 kutoka ilikoanzia. Ndiyo maana katika riwaya hii nyambizi husikika ghafla kutoka mbali sana, kisha ikapotea ilhali imekaribia. Si mwujiza wa mwandishi. Bahari yenyewe ndivyo ilivyo, na Clancy anaitumia vizuri kuliko waandishi wengi wanaoifanya sona, yaani mtambo wa kutafuta vitu majini kwa sauti, iwe kama runinga inayoonyesha kila kitu.

Mandhari za Jones, msikilizaji wa sona wa Dallas, ndizo za kusomwa polepole. Kompyuta yake inautambua mvumo wa Red October kama mwendo wa miamba iliyoyeyuka, kwa sababu programu yenyewe imejengwa juu ya kazi ya wanajiolojia. Jones haikubali, na hoja yake ni rahisi na ya kitaalamu: mlio wa asili haudumu sawasawa hivyo. Kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na mashine inayotoa majibu kwa kujiamini kuliko inavyostahili, sura hizo zina raha yake.

Jambo lingine ambalo kitabu kinalielewa ni kwamba mwendo kasi ni uziwi. Nyambizi ikikimbia, maji yanayopita mwilini mwake hupiga kelele zinazofunika sauti za wengine, na rafadha ikizunguka kwa nguvu hutoa viputo vya mvuke ambavyo vikipasuka husikika mbali. Kwa hiyo mwindaji hukimbia kwa muda, kisha hupunguza mwendo na kusikiliza, kisha hukimbia tena. Nyambizi za Alfa, ambazo kiunzi chake kilikuwa cha titani na mwendo wake ulifika takriban maili za baharini 40 kwa saa, zinavuka Atlantiki kitabuni kwa fujo kiasi kwamba hazisikii chochote. Wasomaji wengine wanaona makamanda wa Kisovieti wamefanywa wajinga hapa. Sidhani. Wameamriwa kufika mbele ya mkimbizi na kumziba njia, si kumsikia njiani, na gharama ya agizo hilo kwa Politovskiy imeelezwa katika sura ambayo ni ya kutisha kuliko pigano lolote kitabuni, kwa sababu adui pale ni chombo chenyewe.

Halafu kuna shetri, sehemu ya nyuma ya chombo. Rafadha na mitambo vikiwa nyuma, sona ya omo, yaani ya sehemu ya mbele, haisikii kitu kinachofuata moja kwa moja kwa nyuma, na mfuasi hodari hukaa humo. Dawa ya Wasovieti ilikuwa kugeuka ghafla ili kusikiliza nyuma, zamu ambayo Wamarekani waliibatiza jina la Ivan kichaa. Mfuasi ana chaguo moja tu: kuzima kila anachoweza na kuganda. Tatizo ni kwamba nyambizi kama Dallas ina urefu wa mita 110 na haisimami kama gari. Inaendelea kuteleza mbele kuelekea chombo kilichogeuka. Clancy anazijua hatari zote mbili, ya kusikika na ya kugongana, na anazibana pamoja katika sentensi fupi.

Kasoro ipo kwenye kukadiria umbali. Sona ya kusikiliza tu hutoa mwelekeo, haitoi umbali. Ili kupata umbali, nyambizi inalazimika kushika mwelekeo mmoja kwa dakika kadhaa, ikaandika jinsi mlio unavyohama, kisha ikageuka na kufanya hivyo tena. Kutokana na mistari hiyo timu inajenga makadirio ya umbali, mwendo na njia ya mlengwa. Mlengwa akigeuka katikati, hesabu huanza upya. Kazi hii ya kuchosha ndiyo moyo wa mapigano ya nyambizi, na riwaya huipita haraka mno. Msomaji anaweza kumaliza kitabu akidhani kwamba kusikia ni sawa na kujua mlengwa yuko wapi. Ningependa angalau mandhari moja ndefu ambapo Dallas ina mlio mzuri lakini haijui kama mlengwa yuko kilomita 8 au 30.

Red October yenyewe imejengwa juu ya chombo halisi, nyambizi ya daraja la Typhoon, ambayo ya kwanza iliingia kazini mwaka 1981. Typhoon halisi ilikuwa na urefu wa mita 175, viwiliwili viwili vikuu vya kuhimili shinikizo vilivyolazwa sambamba ndani ya ganda moja, na makombora 20. Red October ina makombora 26 na mtambo wa siri. Mtambo huo kitabuni ni mahandaki yanayopita mwilini mwa nyambizi, yenye rafadha ndogo ndani yake zinazovuta maji mbele na kuyasukuma nyuma. Ni wazo la kihandisi linaloeleweka, na mwandishi ana uaminifu wa kutaja gharama zake: kupitia Skip Tyler, ofisa wa zamani wa nyambizi, tunaelezwa kwamba Wamarekani nao walikuwa wamejaribu kitu kama hicho wakakiacha. Hicho ndicho napenda katika kazi hii: siri yake ina udhaifu, na udhaifu huo ndio unaosukuma hadithi mbele.

Clancy hakuwahi kuwa baharia. Alikuwa akiuza bima huko Maryland, na kitabu kilitolewa mwaka 1984 na Naval Institute Press ya Annapolis, ambayo ilikuwa haijawahi kuchapisha riwaya mpya kabla ya hapo. Alijifunza kutoka kwenye machapisho ya wazi na kwenye Harpoon, mchezo wa vita vya majini uliobuniwa na Larry Bond. Ukishajua hilo unauona mchezo huo kila mahali. Vyombo husogezwa kwa zamu, kila kimoja kikiwa na mwendo, masafa na masikio yake, na matokeo hutoka kwenye sifa hizo. Faida yake ni haki: hakuna anayeshinda kwa bahati ya kupangiwa. Hasara yake ni sura za vikao vya Washington, ambamo watu nao husogezwa kama vipande vya ubao. Sura hizo nazisoma kwa mwendo wa haraka, na sijaona kilichopotea isipokuwa zile ambazo Ryan anaeleza kwa nini anaamini Ramius anakimbia. Wanawake karibu hawapo. Natalia, mke wa Ramius, anaishi tu katika kumbukumbu ya kifo chake mikononi mwa daktari mlevi aliyelindwa na cheo cha baba yake. Kurasa hizo chache zina uchungu wa kweli, na zinampa Ramius sababu iliyo nzito kuliko hotuba yoyote kuhusu uhuru.

Kuhusu siasa, nina ugomvi na kitabu. Wazo lake lilitokana na tukio la kweli. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Novemba 1975, manowari ya Kisovieti Storozhevoy iliondoka Riga bila ruhusa, nahodha wake akiwa amefungiwa chini. Kiongozi wa uasi, Valery Sablin, alikuwa ofisa wa kisiasa wa chombo hicho. Hakuwa akikimbilia Magharibi. Alitaka kufika Leningrad na kutangaza kwa wananchi kwamba viongozi wameyasaliti mapinduzi. Ndege zilimzuia, na mwaka 1976 alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Katika riwaya mambo yamegeuzwa: ofisa wa kisiasa ni mtu wa kwanza kuuawa, na waasi wanataka Marekani. Mwandishi ana haki ya kugeuza. Hata hivyo mtu kama Sablin, mkomunisti anayeasi kwa sababu ya ukomunisti wake, angewapa maofisa wa Red October mabishano ambayo kitabu hakina. Wote wanaafikiana mno. Mabaharia wa kawaida, ambao hawajui lolote na wanaamini wako kwenye mazoezi, ndio pekee wenye mvutano wa ndani, na swali la namna ya kuwatoa chomboni bila kuwaambia ukweli ndilo fumbo bora la kitabu. Jibu lake silitaji hapa.

Filamu ya mwaka 1990, ambayo Sean Connery ni Ramius, iangalie baadaye. Mtambo wa siri umebadilishwa ukawa wa nguvu za sumaku usio na sehemu zinazozunguka. Si ndoto tupu, kwani mwaka 1992 boti ya Kijapani Yamato-1 iliendeshwa kwa njia hiyo bandarini Kobe, japo kwa mwendo mdogo sana. Pambano la mwisho nalo ni tofauti kabisa. La filamu linategemea kwamba topido haiwi hai mpaka imesafiri umbali wa usalama kutoka kwa aliyeirusha, jambo ambalo ni la kweli na limetumika kwa akili. La kitabu ni zito zaidi, linahusu uzito wa chuma na watu waliokatazwa kufyatua, na Tupolev, kamanda wa Konovalov aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Ramius, analipigana akiwa na sababu zake mwenyewe. Aliyeona filamu kwanza bado hajui pambano hilo linaishaje.