Gliserini na mafuta ya mgando kwa ngozi iliyopauka: tathmini baada ya vipupwe viwili Njombe

Nilipohamia Njombe kutoka Tanga, nikiwa na miaka 57, ngozi yangu ilibadilika ndani ya majuma machache. Mikono ilipauka kabla ya adhuhuri hata kama nilipaka losheni asubuhi, miundi ikawasha usiku, na visigino vikaota magaga yaliyokuwa yakinasa shuka. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Njombe, hasa Juni na Julai, ina baridi na upepo mkavu, na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi hutoa mafuta machache ya ngozi kuliko zamani, kwa hiyo unyevu wake hupotea upesi.

Nilianza kwa kununua krimu ya shilingi 65,000 iliyoahidi kuondoa makunyanzi. Ilinichoma mashavu kwa siku tano, nikaiacha. Baadaye ndipo niliposoma viambato nyuma ya boksi, ambavyo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi: maji, gliserini, mafuta ya madini, na mbele kidogo marashi. Nikanunua chupa ya gliserini kwa shilingi 2,500 na kopo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu kwa shilingi 4,000, na tangu hapo sijapaka kingine.

Ninalosisitiza ni mpangilio. Gliserini huvuta maji, ilhali mgando hauna maji yoyote. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Ukiupaka juu ya ngozi iliyokauka, umefungia ukavu. Gliserini tupu nayo, katika hewa kavu, huvuta maji ya tabaka za chini za ngozi yenyewe, na baada ya muda utahisi uso ukikaza. Shangazi yangu kule Tanga aliipaka hivyo hivyo maisha yake yote bila shida, kwa kuwa hewa ya pwani ilikuwa na maji ya kumpa. Mimi huoga maji ya vuguvugu, na sabuni ya mche nimeiachia nguo. Hujifuta nusunusu, nikapaka matone machache ya gliserini juu ya unyevu uliobaki, kisha mgando kidogo niliousugua viganjani hadi ukalainika. Anayependa kuchanganya gliserini na maji kwenye chupa achanganye ya siku mbili tu, kwa sababu mchanganyiko usio na kihifadhi huharibika.

Miundi iliacha kuwasha katika juma la kwanza. Magaga yalidai miezi miwili ya mgando mwingi na soksi kila usiku. Mistari myembamba pembeni mwa macho imefifia, kwa kuwa ilitokana na ukavu. Makunyanzi ya paji la uso yapo vilevile, na anayetafuta dawa ya hayo hataipata katika kopo hili.

Mgando hung'aa usoni, hunasa vumbi na hutia madoa kwenye foronya, kwa hiyo mchana naupaka mikononi na miguuni tu. Wala haukingi jua, ambalo katika mwinuko wa karibu mita 2,000 huunguza hata siku ya baridi. Kwa hilo navaa kofia pana.

Nilipokwenda kununua chupa ya pili, muuza duka alinishauri nichukue krimu ya kuondoa madoa ya uzee, ya bei nafuu vilevile, lakini boksi lake halikuonyesha kiambato hata kimoja. Nawasihi wenzangu wasiikubali bidhaa ya namna hiyo. Krimu nyingi za mkorogo zimekutwa na zebaki au haidrokwinoni, na nyingine zina steroidi, ambazo zikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ya kwetu sisi tuliovuka hamsini imekwisha kuanza kuwa nyembamba yenyewe. Nilimrudishia boksi lake, nikalipia gliserini.